Chota Maji ya Juu Tu

Mjomba wangu Ndolo aliamini kwamba maji ni maji. Kwa Kikamba ni kitu kimoja, tunasema kiw'u, na hata alipozungumza Kiswahili mjomba hakukubali kuyafanya mengi. "Maji iko," alisema. "Maji imeisha." Nilimsahihisha tangu nikiwa shule ya msingi hadi nikachoka. Kwa hiyo siku Mwanamisi aliposimama katika kanisa letu la Kalamba, mbele ya kikundi chetu cha wakulima wa mapapai, akasema atatuonyesha maji mawili yasiyochanganyika, mjomba alicheka hadi akashika kiti. Yeye alikuwa mwenyekiti wa kikundi na mzee wa kanisa pia, na akicheka yeye, safu mbili za mbele hucheka.

"Mwalimu," alimwambia, "mafuta na maji, hiyo najua. Lakini maji na maji? Itakataana juu ya nini?"

"Juu ya meza," Mwanamisi akajibu, akaweka bilauri mezani.

Kwetu "juu ya" ndiyo "kwa sababu ya", na kila mtu kanisani alielewa swali la mjomba. Mwanamisi pia alilielewa. Alizaliwa Mwingi, kando ya barabara ya Garissa, ambako baba yake Jabiri ana duka. Lakini nyanya yake, Bi Esha, aliletwa bara kutoka pwani akiwa bibi harusi, na hakuruhusu Kiswahili chetu kivuke kizingiti cha nyumba yake. Mwanamisi alikua akisahihishwa kila tonge. Alipomaliza kusomea kemia Nairobi, akaletwa kwetu na mradi wa kilimo mwaka wa themanini na saba, alikuwa mtu wa kwanza niliyemsikia akisema "maji haya" bila kusita. Mimi niliyejifunza ushairi peke yangu, kwa kutega sikio redioni na kubishana na kamusi, nilimsikiliza kama mtu mwenye kiu.

Alimimina maji kwenye bilauri. Akatia vipande vyeupe kama mshumaa uliokwanguliwa. Vitabu huviita polima, yeye aliviita nta ya maji, kwa kuwa viliyeyuka vyote. Halafu akatia chumvi. Si ya kupikia, ni ile mbolea nyeupe tunayoiita SA, ambayo alikuwa ameisafisha. Akakoroga. Bilauri ikawa nyeupe kama maji yaliyooshewa unga. Akaiacha. Tuliimba wimbo mmoja, na tulipomaliza palikuwa na mstari katikati ya bilauri, umenyooka kama uzi wa fundi wa matofali. Juu maji, chini maji.

"Nta na chumvi zote zinapenda maji," alisema, "lakini haziwezi kukaa chumba kimoja. Kila moja huyavuta maji upande wake. Sasa tukitia utomvu wa papai humo, gundi na uchafu vitashuka kwa chumvi, na kile tunachokitaka, kimeng'enya, kitapanda kukaa na nta. Na hakitakufa. Ukikichemsha kinakufa, ukikitia spiriti kinaumia, lakini hapa juu ni maji na chini ni maji. Maji hayakiumizi."

"Hiyo kime nini?" mama yangu Muthoki akauliza kutoka nyuma.

"Kimeng'enya, mama. Ndicho kinacholainisha nyama ya beberu mzee ukiifunga kwa majani ya mpapai."

"Aa. Meno ya papai," mama akasema, na tangu siku hiyo hakuna mtu Kalamba aliyetumia jina jingine.

Mjomba hakuridhika. Alikuja mbele, akachukua maji yake mwenyewe ya kunywa, akayamimina kwenye bilauri, akakoroga kwa kidole. Mstari ukapotea. Bilauri nzima ikawa kitu kimoja.

"Mmeona?" akatuambia. "Maji ni moja."

Mwanamisi hakubishana. Alitia chumvi kidogo, akakoroga, akarudi kuketi. Baada ya muda mstari ulikuwa umerudi pale pale. Mjomba aliinama akautazama kwa jicho moja, kisha kwa jingine.

"Hiyo ni mazingaombwe," alisema, lakini alisema polepole.

Mimi damu yangu huchemka upesi, na sikuweza kukaa kimya. Nilisimama kwenye benchi nikawapa mistari miwili, palepale, bila kalamu:

*Mwasema maji ni maji, hayana juu na chini,*
*Njooni wanakijiji, mtajionea ndani.*

"Keti chini, Muli," mjomba akasema. "Hapa si redio."

Watu walicheka. Mwanamisi hakucheka. Nilimwona akigusa vidole vyake kimoja kimoja, akihesabu mizani yangu kama mtu anayehakiki kipimo cha muuza maharagwe. Alipofika mwisho aliinua uso akatikisa kichwa mara moja kukubali. Zilikuwa zimetimia. Kwa tikiso lile ningempandia miti yote ya Makueni kwa mkono.

Lakini miti yenyewe ilikuwa hatarini. Kila shamba upande wetu lilikuwa na mipapai. Tulikuwa tumekausha utomvu juani juu ya mabati, ukageuka rangi ya tumbaku na harufu ya soksi, na kiwanda kilichokuwa kikiununua kikaturudishia: mchafu. Mjomba alisema mpapai usiomsaidia mtu ni kivuli cha kuku. Kikundi kikakubaliana hivi: Mwanamisi atengeneze pipa zima, si bilauri, na Jumamosi ya mkutano maziwa yataamua. Meno ya papai hugandisha maziwa. Kama pipa litatoa maji mawili mbele ya watu wote, na ya juu yakagandisha maziwa yakiwa safi, mipapai itabaki. Kama sivyo, kila mtu atakata yake na kupanda pamba kabla ya mvua. Mjomba alikuwa ameshaweka gunia la SA stoo kwake kwa ajili ya pamba hiyo, na shoka lake lilikuwa limenolewa. Kilima chote kingekata siku ambayo yeye angekata.

Na mipapai ikikatwa, mradi haungekuwa na sababu ya kumweka Mwanamisi Kalamba. Hilo halikutajwa mkutanoni. Nililitaja mimi, kimoyomoyo, kila asubuhi nikiwa mtini.

Kazi yangu ilikuwa kugema. Unachanja papai bichi kwa wembe uliofungwa kwenye ufito, mistari myembamba, kabla jua halijakolea, na utomvu mweupe unadondoka kwenye turubai lililozungushwa shinani. Utomvu ule una meno kweli. Ulikuwa umekula ngozi ya ncha za vidole vyangu hadi zikawa laini kama za mtoto mchanga. Nilipokwenda kuchukua kitambulisho, karani alinipaka wino akabonyeza, akabonyeza tena, akatazama karatasi na kuniuliza kama mimi ni mtu au ni sahani. Kwa vidole hivyo visivyo na alama ndivyo nilivyohesabia mizani.

"Ajabu ni kwamba bado unavyo kumi," Mwanamisi aliniambia siku moja stoo ya kanisa, tukichuja utomvu. "Malenga wa mapapai. Siku moja utahesabu shairi ukute umebakiwa na saba."

"Nitatunga la mizani saba."

"Nyanya yangu hatalikubali."

"Nyanya yako atalisikia wapi?"

"Kwangu," akasema, akaendelea kuchuja kana kwamba hakusema kitu.

Pipa lilikuwa la plastiki nyeupe, jembamba kiasi kwamba ukisimama mahali pazuri uliona mwanga wa dirisha ukipita ndani yake. Tulitia nta, tukatia utomvu uliochujwa, tukatia chumvi yote ya mradi hadi debe likabaki tupu. Tulikoroga kwa mwiko mrefu, kwa zamu. Mjomba alikuja kutazama akiwa amekunja mikono nyuma. Alikuwa amebishana na Mwanamisi mwezi mzima, lakini nilijua kwamba ndiye aliyefagia kona ya nyuma ya stoo na kuweka mkeka safi ili mwalimu apate mahali pa kuswalia. Hakuniambia. Niliona nyayo za viatu vyake.

Alhamisi habari zilikuja kutoka Mwingi kwamba Bi Esha ameanguka mgonjwa. Mwanamisi alifunga nguo chache kwenye leso.

"Pipa limeanza kutulia," aliniambia. "Usiliguse. Nikikuta nyanya ana nafuu nitarudi mwenyewe. Nikichelewa nitakutumia neno, nikwambie cha kufanya Jumamosi."

"Neno lako lije kwa mizani," nilimwambia. "Neno la kawaida huibwa njiani. Lenye mizani halipotei, limefungwa kamba nane huku na nane huku."

"Una kiburi, wewe."

"Si kiburi, mwalimu. Ni fani."

"Haya," akasema. "Nane huku na nane huku."

Ijumaa nilikuwa ng'ambo ya mto tangu alfajiri, nikigema mashamba ya mbali. Niliporudi alasiri nilikuta punda wa mjomba wamesimama mbele ya stoo, migongo yao imelowa chini ya matandiko. Mjomba alikuwa ameketi ngazini bila viatu, suruali amekunja hadi magotini, mchanga wa mto umemganda miguuni. Alikuwa amechoka, na uso wake ulikuwa na furaha ambayo sikuwa nimeiona tangu alipomwozesha binti yake.

"Tumemaliza," akaniambia. "Kazi ya mwalimu tumefanya yote."

"Kazi gani, mjomba?"

"Nzuki alipita na lori. Mwalimu amesema tuchote maji. Tumechota." Alielekeza kidevu kwa punda. "Unajua mto iko aje sasa. Unachimba mchanga mpaka kiunoni, unangoja, inatoka kikombe moja. Sikuchukua ile ya ng'ombe. Nimewekea yeye ile safi, ya kunywa."

Niliingia stoo mbio. Jua la alasiri lilikuwa linapita dirishani, linapita ndani ya pipa kama siku zote. Mstari haukuwepo. Pipa lilikuwa limejaa, limebakiza shubiri tu kufika ukingoni, na ndani mlikuwa na kitu kimoja, cha rangi ya maji ya mchele, juu hadi chini.

Nimesema damu yangu huchemka. Shairi lilinijia lenyewe, likiwa limeiva, la kumkaanga mtu mzima mbele ya watoto wake. *Mjomba umeyaua*, kipande cha kwanza kilikuwa hivyo, mizani nane kamili, na cha pili kilikuwa kibaya zaidi. Nilitoka nje nikiwa nimefungua mdomo.

Alikuwa anajikung'uta mchanga kwenye vidole vya miguu.

"Mimi nilijua itaungana," alisema bila kuniangalia. "Kwa bilauri niliona ikiungana. Nikajiuliza, mbona mwalimu anasema tuongeze? Lakini Muli, mimi nimebishana na huyo msichana mwezi nzima. Nikasema mara hii nitatii tu. Yeye ndiye amesoma."

Shairi lilinifia mdomoni. Sijawahi kulimaliza.

"Nzuki yuko wapi?" nikauliza.

Nzuki alikuwa utingo wa lori la mbuzi, linalotoka Nuu likapitia Mwingi na Kitui kuelekea Emali. Nilimkuta hotelini sokoni, ameinamia sahani ya isyo, mahindi na maharagwe yanamvukia usoni.

"Mwanamisi alikwambia nini?"

"Nilishasema kwa mzee. Mchote maji, kwa sababu chumvi iko chini. Nyanya yake ana nafuu kidogo lakini hawezi kumwacha leo."

"Usinielezee. Sema alivyosema yeye. Neno kwa neno."

"Kwani ni korti?" Alimeza. "Alisema, chota maji juu tu chumvi iko chini."

"Tena."

"Chota maji juu tu chumvi iko chini. Na ukitaka kujua, alinirudisha mara tatu kama mtoto wa nasari. Eti niseme kama wimbo. Nikasema sawa. Halafu beberu mmoja akaruka kutoka kwa lori, tukamkimbiza mpaka sokoni."

Maana ilikuwa wazi, na ndiyo iliyokuwa ubaya wake. Mtu yeyote wa Kalamba angesikia hivyo: nendeni mchote maji, juu tu chumvi iko chini, yaani kwa sababu chumvi imezama, ongezeni maji iyeyuke. Chai ikiwa na sukari iliyozidi chini, si unaongeza maji? Na mtu wa kwetu akiambiwa "chota maji", haulizi upawa uko wapi. Anauliza punda wako wapi.

Nilinyoosha vidole juu ya meza ya hoteli. Cho, ta, ma, ji, ju, u, tu. Saba. Nikaanza upande wa pili. Chu, mvi, i, ko, chi, ni. Sita.

Saba na sita. Mwanamisi hawezi kuniletea saba na sita. Mtu aliyelelewa na Bi Esha, aliyeniahidi nane na nane, hawezi kunipa mstari unaochechemea miguu yote miwili.

"Nzuki," nikasema, "umeangusha mzigo njiani."

"Hakuna mbuzi aliyepotea. Beberu tulimshika."

"Si mbuzi."

Nilijaribu kila neno dogo ninalolijua. Kabla ya "chota" hakukuwa na nafasi. Kabla ya "maji" hakukuwa na nafasi. Nilipofika katikati ya "maji" na "juu" nilihisi shimo, kama ulimi unavyohisi jino lililong'oka, na shimo lenyewe lilikuwa na umbo la neno. *Ya.*

Chota maji ya juu tu.

Nane. Na kwa neno lile dogo kuliko punje ya mtama, kila kitu kiligeuka. "Juu" haikuwa tena sababu, ikawa mahali. "Chota" ikatoka mtoni ikarudi kwenye pipa na upawa. Upande wa pili ulijaa wenyewe: chumvi iko chini yake. Nane. *Chota maji ya juu tu, chumvi iko chini yake.* Nilisikia sauti yake ndani ya mstari ule, na kicheko alichokuwa amekificha, kwa kuwa nilimwambia neno lenye mizani halipotei. Lilikuwa limepotea. Ila liliacha shimo lenye kipimo chake.

"Kwani 'ya' ni kitu gani?" Nzuki akauliza nilipomweleza. "Si maneno ni yale yale?"

"Ni mzigo wa punda siku nzima, Nzuki."

Nilirudi kwa mjomba nikamwambia taratibu, nikiwa nimechuchumaa mbele yake. Alisikiliza hadi mwisho. Kisha alivaa kiatu kimoja, akasahau cha pili.

"Kwa hivyo maji yangu imeharibu."

"Hayajaharibu, mjomba. Yameyaunganisha tu. Meno ya papai bado yamo, pamoja na uchafu wake. Unakumbuka ile bilauri?"

"Alirudisha na chumvi."

"Kwa chumvi, ndiyo."

"Iko?"

"Ya mradi imeisha. Debe ni tupu."

Wote wawili tulijua SA ilikokuwa. Ilikuwa stoo kwake, gunia zima lililoshonwa mdomo, likingoja pamba. Sikuweza kumwomba. Kumwomba kungekuwa kumwambia aamue leo, peke yake, jambo ambalo kikundi kizima kilipaswa kuamua kesho. Bila gunia lile yeye hana pamba msimu huu, na bila pamba yeye hana sababu ya kukata.

Mjomba alitafuta kiatu cha pili, akakivaa, akafunga kamba. Akampiga punda kofi jepesi shingoni.

"Simama," akamwambia. "Kazi yako haijaisha."

Waliporudi na gunia jua lilikuwa bado juu ya kilima. Mama alikuja na ungo wake, akaichekecha ile SA kuondoa takataka, akisema hajawahi kuona mbolea ikipepetwa kama pojo. Tuliitia kidogo kidogo, mimi nikikoroga. Pipa likaanza kupoa. SA ikiyeyuka huvuta joto, na kabla gunia halijafika nusu ukuta wa pipa ulikuwa baridi kama mtungi uliolala kivulini. Mjomba aliweka kiganja pale akakiacha.

"Imetosha?" akauliza.

"Sijui. Bado hayajawa meupe."

"Tia yote. Pamba ya nusu gunia nitafanyia nini?"

Akakung'uta gunia mwenyewe hadi pembe zake, na mwisho mwisho maji yaligeuka, yakawa meupe kama siku ile kanisani. Tulifunga mlango. Hakuna aliyethubutu kungoja pale.

Asubuhi mjomba alikuwa amefika kabla yangu. Alikuwa amechuchumaa mahali pazuri, palipo na mwanga nyuma ya pipa, kofia magotini. Alinisogezea nafasi.

Mstari ulikuwepo. Ulikuwa juu zaidi kuliko wa kwanza, na tabaka la juu lilikuwa jembamba kuliko lile alilotuachia Mwanamisi, la manjano hafifu, safi, limekaa juu ya lile la chini lenye ukungu. Katikati palikuwa na ngozi nyembamba ya takataka, kama utando wa maziwa. Juu maji, chini maji.

Lori la mbuzi lilisimama watu wakiwa wanaanza kuingia kanisani. Mwanamisi alishuka, macho mekundu kwa safari, na Nzuki akajificha upande wa pili wa magurudumu. Alikuja moja kwa moja stoo. Alilitazama pipa, akalizunguka.

"Mbona limejaa hivi?"

Mama alianza kupanga vikombe vilivyokuwa tayari vimepangwa.

"Mwalimu," mjomba akasema hatimaye, "ulisema tuchote maji."

"Mkachota ya juu?"

"Tulichota ya mtoni."

Mwanamisi alimtazama mjomba, akatazama miguu yake iliyochubuka kwa mchanga, akaliona gunia tupu la SA kwenye kona. Alinigeukia. Nilimwonyesha vidole saba, kisha sita. Alielewa palepale. Alijishika mdomo, akaketi juu ya lile gunia tupu, akacheka hadi machozi yakamtoka, na sikujua kama yote yalikuwa ya kucheka.

"Nyanya atapona kabisa nikimsimulia hili," alisema. "Ameshaanza kunywa uji na kunisahihisha." Kisha akainuka akamshika mjomba mkono kwa mikono yake miwili. "Baba, gunia lako la pamba."

"Wacha hiyo," mjomba akasema. "Maziwa itapoa."

Mama alikuwa amepasha moto maziwa ya ng'ombe wake yakawa vuguvugu, vikombe viwili. Tulibeba vikombe, upawa na mabakuli mawili, moja la maji ya juu na jingine la ya chini, hadi kanisani, tukawaacha watu wapite stoo kwa zamu waone pipa. Mwanamisi alitia ya chini kwenye kikombe kimoja na ya juu kwenye kingine, matone machache tu. Tukangoja. Kikombe cha kwanza kilibaki maziwa. Cha pili mama alikitikisa, akakichungulia, akakibeba hadi ilipokuwa kofia ya mjomba mezani, akakigeuza kichwa chini juu yake.

Hakuna kilichomwagika. Maziwa yalikuwa yameshika kikombe kama udongo.

"Angalau ungetumia kofia yako," mjomba akasema.

Watu walianza kusema wote kwa pamoja. Mutie, ambaye shamba lake linapakana na letu, aliuliza kwa sauti: na pamba je, si tulikubaliana? Mjomba alisimama. Alichukua kofia yake, akaikagua ndani, akaivaa.

"Pamba yangu iko ndani ya pipa hiyo," alisema. "Mtu anataka kukata mpapai, aende kwanza anitolee gunia yangu. Mimi shoka nimempa Muthoki apasulie kuni." Alitaka kuketi, akakumbuka kitu. "Na tena nilisema hapa maji ni moja. Leo asubuhi nimeona maji zote mbili."

Maji zote mbili. Nilikuwa tayari nimefungua mdomo. Mwanamisi alinikanyaga mguu chini ya benchi, nami nikaufunga, na tangu siku ile sijamsahihisha tena.

Hakuna aliyepiga kura. Mutie aliuliza tu kama mradi una nta zaidi.

Kesho yake lori lilipita likirudi, na Mwanamisi alipanda mbele na dereva, ili akamwone nyanya yake mara moja zaidi. Nilisimama kando ya barabara na kila kitu nilichotaka kumwambia kilikuwa hakina mizani. Alitoa kichwa dirishani.

"Nitarudi Jumatatu," akasema.

Nilihesabu mikono ikiwa nyuma ya mgongo. Nane. Alikuwa ameniachia nusu ya mstari, kwa makusudi, na dereva alikuwa ameshatia gia.

"Nami sitagusa kitu," nikamjibu, lakini mbuzi walipiga kelele na injini ikanguruma, naye akaweka mkono sikioni kuonyesha hasikii.

Nzuki alikuwa amening'inia nyuma ya lori. Aliniinulia kidole gumba, akageuka kupanda juu ya mbuzi kuelekea dirisha la mbele. Lori lilipokunja kona nilimwona ameinama kumwambia, mkono mmoja ameshika chuma, na wa pili ameuinua hewani akikunjua vidole. Alipofika cha tano alihamisha mkono, akaendelea.